Kuhama Shamba na Paka Dume: Kwa Nini Hukimbia, na Njia ya Kumtuliza

Asubuhi moja mkulima mmoja, mtu mzima, alifika mezani kwangu kuuliza habari za sumu ya panya. Alikuwa amehamia shamba jipya upande wa Shika Adabu, Likoni, akitoka nyumba ya kupanga huko Chaani, Changamwe. Mahindi yake ya kwanza aliyavuna vizuri, akayaanika, akayapukuchua, akayatia maguniani. Baada ya miezi miwili magunia matatu yalikuwa yametobolewa chini, na mahindi yaliyobaki yamechanganyika na mavi ya panya.

"Huna paka, mzee?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naye," akajibu, "tena dume kubwa, hodari. Kule Chaani panya hakupita mlangoni. Nilimtia guniani nikaja naye. Nilipofungua gunia uani alinusa huku na huku, akaingia kichakani. Usiku wa pili nikasikia vita juu ya mabati. Usiku wa nne alirudi, sikio limepasuka, akaingia ghalani, akarusha mkojo juu ya magunia, akatoka. Sijamwona tena mpaka leo. Mwanangu, paka hana shukrani."

Maneno hayo husemwa sana. Lakini nilipomsimulia daktari wa mifugo kisa hicho, alinieleza kwamba paka yule hakufanya ila lile ambalo karibu kila paka dume asiyehasiwa hulifanya akitolewa mahali pake na kutupwa mahali pageni. Kosa halikuwa katika shukrani zake, lilikuwa katika namna alivyohamishwa. Nimeona yafaa maelezo hayo yawafikie wakulima wote wa skimu za makazi, maana wengi wetu tu wageni katika viwanja vyetu, na wengine wanahama mwaka huu. Atakayefuata maelezo haya atabaki na paka wake, na mahindi yake pia.

PAKA HUSHIKA MAHALI

Mbwa ni mnyama wa kundi. Mahali popote alipo bwana wake, hapo ndipo kwake. Paka si hivyo. Asili ya paka wa nyumbani ni paka wa mwituni wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, ambaye huishi na kuwinda peke yake. Mnyama wa namna hiyo hana kundi la kumsaidia. Uhai wake wote unategemea kuijua nchi yake: shimo la panya liko wapi, maji yako wapi, mti wa kupanda akifukuzwa ni upi, na njia ya kutorokea ni ipi.

Mnyama huyu alisogea kwa binadamu walipoanza kulima na kuweka nafaka, kwa kuwa nafaka ilileta panya. Katika kisiwa cha Kupro wataalamu walifukua kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka miaka ipatayo 9,500 iliyopita, na habari yake ikatangazwa mwaka 2004. Basi paka na ghala ni marafiki wa zamani sana. Lakini hata baada ya miaka yote hiyo, paka hajaacha tabia ya kushika mahali. Hutupenda, hutujua kwa sauti na kwa harufu, ila moyo wake hutulia pale tu anapokuwa katika mipaka anayoifahamu.

Paka ana namna mbili za mahali. Ya kwanza ni kitovu chake, yaani nyumba na ua anapolala na kula. Ya pili ni eneo analozungukia kuwinda na kupeleleza. Eneo la jike huwa dogo, hasa kama chakula kipo karibu. Eneo la dume asiyehasiwa huwa kubwa mara kadhaa kuliko la jike, kwa sababu dume hatafuti chakula tu, hutafuta majike pia. Ndiyo maana dume mmoja aweza kuonekana katika mashamba matano, na kila mwenye shamba hudhani paka huyo ni wa jirani.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Jike wa paka huingia katika joto kwa kufuata urefu wa mchana. Katika nchi za baridi, kama Uingereza, mchana unapokuwa mfupi majike hupumzika miezi kadhaa, na madume nayo hupata nafuu. Mombasa iko karibu na Ikweta, kiasi cha nyuzi 4 kusini yake, na mchana wetu hulingana karibu mwaka mzima. Kwa hiyo majike wetu huweza kuzaa mwezi wowote, na dume hana msimu wa kupumzika. Kila usiku kuna sababu ya kutoka na kupigana.

BARUA ZA PAKA

Paka hawezi kujenga ua wa makuti kuonyesha mpaka wake. Huandika mpaka kwa harufu, nasi tungeweza kuziita harufu hizo barua zake. Barua hizo ni za namna tatu.

Kwanza, ana tezi mashavuni, kidevuni na kwenye paji la uso. Akijisugua kwenye mguu wako, kwenye mlango au kwenye mguu wa kitanda, anaacha harufu ambayo sisi hatuisikii. Hiyo ni alama ya amani, maana yake: hapa ni pangu, pana salama.

Pili, hukwaruza mti au nguzo kwa kucha. Hapo huacha mikwaruzo ya kuonwa kwa macho na harufu ya tezi zilizo katikati ya vidole.

Tatu ni mkojo, na hapa ndipo dume hutuudhi. Haji kuchutama kama anayekwenda haja. Husimama, hugeuza mgongo kwenye ukuta au gunia, huinua mkia ukawa unatetemeka, kisha hurusha mkojo nyuma. Mkojo wa dume asiyehasiwa unanuka vikali kwa kuwa una kitu kiitwacho felinini, ambacho mwili wake hukitengeneza kwa wingi kwa amri ya homoni ya kiume. Mkulima hahitaji maabara kulielewa hili. Kila mtu anaijua harufu ya beberu, na kila mtu anajua kwamba ndafu, ambaye alihasiwa angali mdogo, hana harufu hiyo. Kwa paka mambo ni yale yale.

Mtu akiona mkojo ukutani hudhani paka ana chuki au hana adabu, naye huchukua fimbo. Fimbo haisaidii. Paka hurusha mkojo zaidi akiwa na wasiwasi juu ya mpaka wake, na kumpiga ni kumwongezea wasiwasi. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, uache pakauke juani. Usitumie dawa za kuoshea zenye harufu kama ya mkojo, maana zitamwita arudie pale pale.

SIKU YA KUHAMA

Sasa turudi kwa paka wa yule mzee. Kule Chaani kila nguzo na kila kona ilikuwa na barua yake. Madume ya jirani yalimjua, yeye aliyajua, na vita vyao vilikwisha zamani. Kila mmoja alipita njia yake kwa saa zake. Akatiwa guniani, akafunguliwa Shika Adabu. Hakuna hata nguzo moja yenye harufu yake. Kila mnazi na kila kichaka kina barua ya dume mwingine, zote zikimwambia: ondoka.

Paka dume katika hali hiyo hufanya moja katika mambo matatu, au yote matatu kwa zamu.

Hukimbia kutafuta kwao. Paka ana uwezo fulani wa kurudi. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Francis Herrick, aliandika habari za jike mmoja aliyekuwa na watoto. Alimchukua katika chombo kilichofunikwa na kumwachia mbali, naye akawarudia watoto wake mara kadhaa kutoka mwendo wa maili moja hadi kama nne. Alipopelekwa mbali zaidi hakurudi. Basi aliyehama kutoka Bamburi kwenda Mwakirunge, bara ile ile moja, asistaajabu akisikia paka wake ameonekana nyumba ya zamani. Lakini aliyehama Changamwe kuja Likoni ametenganishwa na maji ya Kilindini. Kwa nchi kavu ni kuzunguka kote Miritini na Dongo Kundu, kuvuka madaraja ya Mwache na Mteza, njia ya malori usiku na mchana. Paka akianza safari hiyo hafiki. Hufa barabarani, au hubaki njiani akawa shume asiye na mwenyewe, mwizi wa vifaranga na samaki.

Jambo la pili, hupigana. Madume wenyeji humjia, naye hana pa kurudi nyuma. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Tundu lake hujifunga upesi juu, na uchafu hubaki ndani ukawa jipu. Mara nyingi mwenye paka huona uvimbe wa shavu au wa mzizi wa mkia siku chache baadaye, paka ana homa, hali chakula. Tena kwa kuumana madume huambukizana virusi viharibuvyo kinga ya mwili, vilivyogunduliwa huko California mwaka 1986. Virusi hivyo ni vya paka, havimwambukizi binadamu, lakini havina dawa ya kuviondoa.

Jambo la tatu, huandika barua mpya kwa haraka na kwa wingi, yaani hurusha mkojo kila mahali, hata ndani ya nyumba na juu ya magunia ya chakula.

KUHASI HUSAIDIA NINI

Kuhasi ni kuondoa korodani za dume. Korodani ndizo zinazotoa homoni ya kiume, na homoni hiyo ndiyo inayochochea hamu ya kutangatanga, ya kupigana na ya kurusha mkojo. Chanzo kikiondolewa, moto hupungua.

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa California, Hart na Barrett, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya madume yaliyohasiwa baada ya kukua. Walionelea kwamba katika kila madume 10, kama 8 au 9 waliacha au walipunguza sana kutangatanga, kupigana na kurusha mkojo. Wengine walibadilika upesi, wengine baada ya wiki nyingi. Tusidanganyane: si kila mmoja hupona tabia hiyo. Kama dume mmoja katika 10 aliyehasiwa huendelea kurusha mkojo mara kwa mara. Hata hivyo harufu yake hupungua sana.

Umri mzuri ni kuanzia miezi minne hadi sita, kabla tabia haijaota mizizi. Dume huanza kuwa na nguvu za kuzalisha afikapo karibu miezi sita. Dume mkubwa naye aweza kuhasiwa, hajachelewa, ila yale aliyozoea kwa miaka yatachukua muda kwisha.

Hapa ndipo mkulima anayehama apige hesabu. Homoni hupungua mwilini katika siku chache baada ya kuhasiwa, lakini tabia huchelewa. Tena dume aliyehasiwa aweza bado kumtia jike mimba kwa muda wa kama wiki sita, kwa sababu mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki. Kwa hiyo ukijua kwamba utahama, mhasi paka wiki sita au zaidi kabla ya siku ya kuhama. Atasafiri akiwa amepona jeraha na ametulia. Kama siku zimekwisha kukupita, usimhasi siku ya mwisho ukamsafirisha na kidonda. Hama naye, mfungie kama nitakavyoeleza, umhasi huko huko mara akianza kula vizuri, kabla hujamfungulia mlango.

MPANGO WA KUHAMA

Fuata mambo haya kwa taratibu:

1. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, kama hajachanjwa. Paka hushikwa na ugonjwa huu kama mbwa. Chanjo ya kwanza ni katika umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Katika shamba jipya atakutana na wanyama usiowajua.

2. Siku tatu kabla, mtengenezee tenga la kuku lenye kifuniko, utie ndani kitambaa anacholalia. Liache wazi nyumbani aingie na kutoka, alione kuwa ni lake. Gunia halifai, maana hukosa hewa, na paka aliyetishwa guniani hutoka kama mshale.

3. Chukua kitambaa kingine safi cha pamba, umsugue nacho mashavuni taratibu kila siku, ukiweke katika mfuko. Hicho ndicho kitakachobeba barua zake za amani.

4. Siku ya kuhama usimpe chakula kingi asubuhi. Mtie katika tenga kabla wabebaji hawajaanza kuvuta vitanda. Funga kifuniko kwa kamba imara, ulifunike tenga kwa kanga, usiliweke juani juu ya mkokoteni au ya lori.

5. Ukifika, mtafutie chumba kimoja chenye mlango na dirisha linalofungwa. Ghala laweza kufaa kama halina mwanya na halina sumu. Kabla hujamfungua, chukua kile kitambaa usugue nguzo, miimo ya mlango na pembe za masanduku kwa kimo cha paka. Hivyo atakuta barua zake zimemtangulia. Weka maji, chakula, matandiko yake ya zamani yasiyofuliwa, na beseni la mchanga mbali na chakula. Kisha fungua tenga, uondoke. Akijificha chini ya kitanda siku mbili, mwache.

6. Akianza kula na kujisugua kwenye vitu, mfungulie vyumba vingine, kimoja kimoja.

7. Asitoke nje kwa muda wa wiki tatu. Watoto waambiwe hivyo, na kila mgeni pia. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu paka atalia mlangoni usiku, nawe utamwonea huruma. Usimfungulie. Huruma ya usiku mmoja ndiyo iliyompoteza paka wa wengi.

8. Katika wiki hizo mlishe kwa saa maalumu, na kila mara umwite kwa sauti moja, au ugonge sahani. Huo ndio mwito utakaomrudisha.

9. Siku ya kumtoa, mtoe jioni kabla ya chakula akiwa na njaa, kwa muda mfupi, nawe ukiwepo. Kaa uani. Baada ya robo saa gonga sahani, aingie ale. Kesho muda uwe mrefu kidogo. Usiku alale ndani kwa mwezi wa kwanza, kwa kuwa vita vya madume ni vya usiku.

10. Mpelekee habari mwenye nyumba ya zamani. Akimwona paka asimpe chakula wala asimbembeleze, ampigie simu mwenyewe.

KUHASIWA KWENYEWE

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi yao. Ulizia katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, Likoni, Kisauni au Changamwe. Si kazi ya fundi wa mtaani mwenye wembe. Kumkata mnyama bila nusukaputi ni kumtesa, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza mateso. Tena paka akikatwa ovyo hufa kwa kutoka damu au kwa pepopunda na majipu.

Daktari atakwambia lini uache kumlisha kabla ya dawa ya usingizi. Fuata maneno yake. Kazi yenyewe kwa dume ni fupi, na jeraha ni dogo hata mara nyingi halishonwi. Akirudi nyumbani mweke ndani mahali pakavu, mbali na mbwa na watoto. Katika beseni lake badala ya mchanga weka karatasi za magazeti zilizochanwa, ili mchanga usiingie kidondani. Jeraha hupona katika siku kama 7 hadi 10. Ukiona uvimbe, usaha, damu isiyokoma, au kwamba hali chakula baada ya siku moja, mrudishe kwa daktari.

Wakulima wa mtaa mmoja wakikubaliana kukusanya paka wao siku moja, daktari akaja mara moja, gharama ya safari hugawanyika. Tena faida ni kubwa zaidi: madume wote wa jirani wakihasiwa, mgeni akija hakuna wa kupigana naye.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, paka aliyehasiwa huacha kuwinda? Hapana. Kuwinda hakutoki korodanini. Hata jike, asiye na homoni hiyo kwa wingi, huwinda vizuri, na mwenye watoto huwinda kuliko dume. Dume aliyehasiwa hukaa nyumbani zaidi, na ghala liko nyumbani. Lakini mkulima asimtegemee paka peke yake. Paka huua zaidi panya wadogo na watoto wa panya. Panya buku mkubwa mara nyingi humkwepa. Inua magunia juu ya uchaga au mbao, ziba matundu, fyeka majani kuzunguka ghala, kisha paka alinde.

Je, atanenepa na kuwa mvivu? Aweza kunenepa, kwa sababu mwili wake sasa unatumia chakula kidogo kuliko zamani. Punguza chakula kwa kama robo, usimnyime. Paka huhitaji nyama au samaki. Dagaa na vichwa vya samaki hufaa. Ugali na maziwa tu havitoshi, naye hudhoofika macho na moyo. Weka maji safi kila siku. Ukimwona dume anachutama mara nyingi na mkojo hautoki, njia imeziba. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, asilale.

Je, dini inaruhusu? Wazee wetu wengi wa pwani huuliza hivi, na ni swali zuri. Paka ana heshima katika Uislamu, na kumtesa ni dhambi. Juu ya kuhasi wanazuoni wana kauli mbalimbali: wako waliokataza, na wako walioruhusu ikiwa pana manufaa na mnyama hadhuriki. Mwulize sheikh wako, nawe umweleze hali yako yote pamoja na njia anayotumia daktari.

Na jike je? Jike hubeba mimba siku kama 63 na huweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, kila mara watoto kama wanne. Naye aweza kufungwa kizazi na daktari, ingawa kazi yake ni kubwa kuliko ya dume. Jike asiyezaa havutii madume ua mzima.

HATARI NYUMBANI KWETU

Mambo manne yameua paka wengi wa wakulima, tena kwa nia njema.

Usimpe paka Panadol wala dawa nyingine yoyote yenye parasetamoli, hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja, naye hufa. Usimwoshee kidonda kwa Dettol, maana huilamba ikamdhuru. Tumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Usimpake dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Nyingi ya dawa hizo ni sumu kali kwake. Na usiweke sumu ya panya katika shamba lenye paka, kwa sababu panya aliyekula sumu hutembea kizembe, paka humkamata kwa urahisi, na sumu humwingia yeye.

Na kwa ajili yako mwenyewe: ukiumwa au ukikwaruzwa na paka usiyemjua, osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

MWISHO

Yule mzee wa Shika Adabu hakupewa sumu siku ile. Alipewa maneno haya niliyoyaandika, akaondoka akinung'unika kidogo. Alichukua mtoto wa paka dume kwa jirani yake, akamlea ndani, akamhasi alipofika miezi mitano. Akatengeneza uchaga wa boriti, akainua magunia yake kutoka chini. Aliponijia tena baada ya mavuno ya pili, hakuja kwa habari ya panya. Alikuja kuuliza bei ya mbegu.

"Na paka?" nikamwuliza.

"Yuko," akasema. "Usiku hulala juu ya magunia. Madume wa jirani hupita, humtazama, wakaenda zao. Hana neno nao, nao hawana neno naye."

Basi, ndugu mkulima, unapofunga mizigo ya kuhama, usimfanye paka kuwa kitu cha mwisho cha kutupwa guniani. Mhasi mapema, msafirishe kwa tenga, mfungie wiki tatu, mwite kwa chakula. Atajua kuwa shamba jipya ni lake, naye atalilinda.